Kibuyu kilichobeba wimbo: kuchora muziki, kutoka gichandi hadi tableti

Leo naweka msimbo kando kidogo. Wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wasinune, itakuja. Leo nataka tuzungumze historia, na historia yenyewe inatoka huku kwetu chini ya Mlima Kenya, ingawa mwishowe itatufikisha kwenye mambo ya faili na fomati ambayo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Nina mpwa wangu anayesomea uchoraji wa picha za vitabu na mabango. Binti huyu ana mapenzi mawili: muziki unaopigwa mbele ya watu, na kuchora kwa kalamu ya kielektroniki. Akiwa Nyeri wakati wa likizo, mugithi haumpiti. Kwa wasioujua, mugithi ni neno la Kikuyu lenye maana ya treni. Mwanamuziki mmoja na gitaa lake, mara nyingi akisaidiwa na kinanda au mashine ya ngoma, huunganisha nyimbo za zamani na mpya bila kukata, na watu hushikana na kuzunguka ukumbi kama mabehewa. Mtindo huu ulishika kasi miaka ya 1990, na Mike Rua ni mmoja wa waliouvumisha. Utamu wake ni kwamba wimbo haurudiwi vile vile. Mwimbaji humtaja aliyeingia mlangoni sasa hivi, humtania aliyejificha pembeni, hubadilisha maneno kulingana na mji. Wimbo wa Karatina hauwi ule ule ukifika Nanyuki.

Mpwa wangu hukaa kando na tableti yake akichora hayo yote: mkono wa mpiga gitaa, foleni ya wachezaji, chupa zinazotetemeka juu ya meza. Siku moja akaniuliza, "Anko, kabla ya hizi tableti, kuna mtu huku kwetu aliyewahi kuchora muziki?" Nikamwambia wapo, tena hawakuishia kuchora wanamuziki. Walichora wimbo wenyewe. Nilianza kumweleza kwa maneno machache, nikaona mambo ni mengi kuliko nilivyodhani. Ndiyo haya.

Kibuyu chenye alama

Chukua kibuyu kirefu chenye shingo, kikaushe, tia mbegu ndani, ziba. Ukikitikisa kinalia kama manyanga. Hadi hapo ni ala ya muziki kama nyingine nyingi za Afrika. Tofauti iko kwenye ganda. Ganda la gichandi, ndivyo Wakikuyu wanavyokiita kibuyu hiki, limechorwa alama nyingi, na alama hizo zina kazi kubwa kuliko pambo. Zinasimamia beti na mafumbo ya utenzi mrefu, nao utenzi unaitwa kwa jina lile lile la kibuyu: gichandi. Mwimbaji hukishika kwa mikono, hukitikisa kupata mdundo, hukizungusha, na jicho lake likipita kutoka alama hadi alama kinywa kinatoa beti.

Kwa kawaida hakuimba peke yake. Gichandi ni majibizano ya watu wawili. Mmoja hutoa fumbo, mwenzake hulifumbua na kutoa lake. Fikiria ngonjera za shuleni, changanya na mchongoano wa vijana wa mtaani, kisha ongeza mlio wa manyanga chini yake. Kuna kushindana, kwa sababu kila mmoja anataka aonekane ana akili kuliko mwenzake. Lakini kuna kusaidiana pia, maana bila mwenzako kujibu utenzi hausongi mbele. Waimbaji hawa walikuwa watu wa safari. Waliimba sokoni, na hadhira yao ilikuwa yeyote aliyekuja siku hiyo kuuza ndizi au kununua mbuzi.

Sasa tazama vizuri tulicho nacho hapa: ala ya muziki, daftari na picha, vyote katika kitu kimoja ambacho mtu anaweza kutembea nacho mkononi kutwa nzima. Mimi ninayeshinda mbele ya skrini namwonea wivu aliyekibuni.

Walioandika habari zake

Waliotangulia kuchapisha habari za gichandi kwa wasomaji wa nje ni pamoja na mume na mke kutoka Uingereza, W. Scoresby Routledge na Katherine Routledge. Walioana mwaka 1906, wakaja Kenya, wakati ule ikiitwa British East Africa, wakaishi Nyeri. Mji wenyewe ulikuwa mchanga, kwani kituo cha serikali ya kikoloni kilianzishwa mwaka 1902. Mwaka 1910 walitoa kitabu chao huko London, With a Prehistoric People. Jina hilo linaudhi ukilisoma leo. Hata hivyo ndani mna kazi nyingi za mikono zilizoelezwa kwa makini, kuanzia ufuaji chuma hadi ufinyanzi, na mna gichandi na alama zake.

Kundi la pili ni wamisionari wa Consolata kutoka Italia, waliofika nchi ya Wakikuyu mwaka ule ule wa 1902. Hawa walileta mtambo wa kuchapia hapo Nyeri. Mwaka 1916 walianza kutoa gazeti la Kikuyu liitwalo Wathiomo Mukinyu, na mwaka 1933 kitabu cha padre C. Cagnolo, The Akikuyu, kilichapishwa papo hapo Nyeri katika shule yao ya uchapaji. Mmoja wa wamisionari hao, Vittorio Merlo Pick, ndiye aliyekaa na mafumbo haya kwa muda mrefu, akayaandika kwa Kikuyu na kuyafafanua. Kitabu chake, Ndai na Gicandi, kilitoka Bologna mwaka 1973. Ndai ni vitendawili.

Wa tatu ni mtaalamu ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa sababu nyingine, Kimani Njogu, aliyeandika pamoja na Rocha Chimerah kitabu cha Ufundishaji wa Fasihi. Njogu alichunguza gichandi miaka ya 1990 sambamba na mashairi ya majibizano ya Kiswahili, na ndiye anayesisitiza kwamba sauti zilizomo ni nyingi, za kupingana na za kushirikiana.

Halafu yupo Ngugi wa Thiong'o. Akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978 aliandika riwaya ya Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Ilitoka mwaka 1980 kwa jina Caitaani Mutharaba-ini, na Kiswahili chake ni Shetani Msalabani. Msimulizi wa riwaya ile ni mpiga gichandi. Kumbuka mwandishi huyu hakuwa na maktaba wala mashine ya kuandikia. Alipotafuta mtu wa kubeba hadithi nzima ya nchi, alimchagua yule anayetembea na maktaba yake kwenye kibuyu. Ngugi alifariki Mei 2025, na wengi waliosoma kitabu hicho shuleni hawajawahi kuona gichandi kwa macho.

Kibuyu kwa jicho la mwandishi wa programu

Wenzangu wa kompyuta watanielewa haraka nikisema gichandi ni kama faili la MIDI.

MIDI ilizinduliwa mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuzungumza. Faili la MIDI halina sauti hata kidogo. Lina maagizo: bonyeza noti hii, kwa nguvu kiasi hiki, iachilie baada ya muda huu. Ndiyo maana ni dogo mno. Dakika moja ya sauti yenye ubora wa CD inachukua takriban megabaiti 10, na dakika hiyo hiyo kwa MIDI inaweza kuwa kilobaiti chache tu. Ujanja uko wapi? Sauti zenyewe zimehifadhiwa mahali pengine, ndani ya kinanda. Faili linaviamsha tu vilivyomo.

Gichandi kinafanya hivyo hivyo. Alama ni chache, utenzi ni mrefu. Maneno, sauti, mzaha, ujanja wa kumjibu mpinzani, vyote vimo kichwani mwa mwimbaji aliyejifunza kwa miaka. Alama ikigusa jicho, ubeti unaamka. Kwa lugha ya kazini, kibuyu ni faharasa, na data yenyewe iko kwenye diski nyingine. Diski hiyo ni mtu.

Wala Wakikuyu hawakuwa peke yao. Waluba wa kusini mashariki mwa Kongo wana lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi uliojaa shanga na michongo. Watu wa chama cha mbudye walifundishwa kuusoma kwa kugusa kwa kidole, wakisimulia na kuimba habari za wafalme, safari na mipaka. Shanga moja inaweza kuzaa hadithi ndefu au fupi kulingana na msomaji na mkutano wenyewe. Mwaka 1996 kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa hiyo New York, na jina lake lilikuwa na neno kumbukumbu. Walioyapa jina walielewa kilichokuwa ndani ya ubao ule.

Mfumo wa namna hii una nguvu yake, na una udhaifu mmoja mkubwa. Faharasa ikibaki bila diski, unabaki na kitu kizuri cha kuweka kabatini. Vibuyu na mbao hizi vipo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, vimepewa namba na kuwekewa taa. Waliojua kuvisoma wamekuwa adimu sana. Mchoro upo kamili, hakuna alama iliyofutika, na wimbo haupo.

Walichokikuta Routledge kwingineko

Kisa hiki kina mkia ambao sikuutarajia. Wale wale Routledge waliokaa Nyeri walijenga jahazi, wakaondoka Uingereza mwaka 1913 na kufika kisiwa cha Rapa Nui katikati ya bahari ya Pasifiki mwezi Machi 1914. Watu wengi hukijua kisiwa hicho kwa masanamu yake makubwa ya mawe. Lakini kina jambo lingine, rongorongo: mbao zilizochongwa safu za alama ndogo za watu, ndege, samaki na maumbo mengine. Wazee wa pale walisema mbao hizo zilikuwa zikiimbwa.

Mwaka 1862 na 1863 meli za wateka watu kutoka Peru zilichukua wakazi wengi wa kisiwa, wakiwemo wenye elimu ya mbao hizo. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Katherine Routledge alipofika, nusu karne baadaye, aliuliza huku na huku hadi akaelekezwa kwa mzee mmoja, Tomenika, aliyekuwa akiishi katika makazi ya wagonjwa wa ukoma. Alikwenda kumwona. Mzee alichora alama chache na kuimba vipande, lakini alikuwa mgonjwa sana, na baada ya muda mfupi akafariki. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba anaweza kuzisoma mbao zile. Zimebaki kama dazeni mbili hivi duniani kote.

Nikifikiria mama huyu naona mtu aliyekutana na jambo moja mara mbili. Nyeri aliwakuta waimbaji wakiwa hai na sokoni. Rapa Nui alimkuta mmoja kitandani. Tofauti ya hapo mbili haikuwa ubora wa michoro wala ugumu wa ganda au mti. Ilikuwa ni watu wangapi waliojua kusoma walikuwa bado wapo.

Upande wa kalamu

Tuje sasa kwenye kalamu ya kielektroniki, maana nayo ina historia, na ndani yake kuna jambo linalotuhusu.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT huko Marekani, alimaliza tasnifu yake kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Ilitumia kompyuta ya TX-2 na kalamu ya mwanga iliyogusa skrini moja kwa moja. Wengi husema ndipo uchoraji wa kompyuta ulipoanza, lakini hodari zaidi ni jinsi alivyohifadhi picha. Sketchpad haikukumbuka vidoti. Ilikumbuka mistari na uhusiano wake: huu uwe sambamba na ule, pembe hii ibaki kama ilivyo. Ukisogeza kitu kimoja, vingine vinafuata. Picha ilijua imetengenezwaje.

Mwaka 1964 ikaja RAND Tablet, sahani ya kuchorea iliyotenganishwa na skrini. Mwaka 1983, mwaka ule ule wa MIDI, kampuni ya Wacom ilianzishwa Japani, nayo ikawa maarufu kwa kalamu isiyo na waya wala betri. Ikafuata Photoshop mwaka 1990, iPad mwaka 2010, programu ya Procreate kutoka Australia mwaka 2011, na kalamu ya Apple mwaka 2015. Kwa upande wa programu huria tukapata GIMP, na baadaye Krita, ambayo wanafunzi wengi wanaipenda kwa sababu haiulizi pesa.

Katika safari hii picha ilizidi kuwa nzuri na kuzidi kusahau. Mchoro wa JPEG ni vidoti vitupu. Haujui mstari upi ulitangulia, mkono ulikazwa wapi, wala ulichorwa saa ngapi. Kwa picha ya ua au nyumba, huenda si hoja. Kwa picha ya muziki ni hasara kubwa, kwa sababu muziki ni wakati. Ukiondoa wakati kwenye muziki, hubaki na kitu.

Na kinachoniuma kama mtu wa programu ni hiki: wakati huo ulikuwepo. Kalamu inapogusa kioo, tableti husoma mahali ilipo na nguvu ya mkono zaidi ya mara 100 kila sekunde, na kila usomaji unakuja na saa yake. Tufanye hesabu kidogo. Chukua usomaji 200 kwa sekunde. Kila mmoja una namba nne: upande, kimo, nguvu na wakati. Tukitoa baiti 4 kwa kila namba, ni baiti 16 kwa usomaji, baiti 3,200 kwa sekunde. Saa nzima bila kuinua kalamu ni megabaiti 11 na nusu, kabla hata ya kubana. Hiyo ni sawa na picha chache za simu. Tunatupa wakati wote wa mchoro ili kuokoa nafasi ya picha chache! Tena fomati ya kuhifadhi haya ipo. Inaitwa InkML, W3C waliipitisha mwaka 2011, na programu za kuchorea zinazoitumia ni chache mno.

Michoro iliyoacha kucheza

Msidhani kupoteza msomaji ni mambo ya vibuyu na visiwa vya mbali. Sisi tuliokua na intaneti ya saiba tumeshuhudia kwa macho yetu. Mnaikumbuka Flash? Ilianza mwaka 1996, ikawa mikononi mwa Macromedia, na mwaka 2005 Adobe wakainunua Macromedia. Kwa miaka kumi na zaidi ndiyo ilikuwa njia rahisi ya kijana mmoja kuchora, kuweka muziki juu ya mchoro na kuutuma duniani. Faili moja la SWF lilibeba picha na wimbo pamoja, likaenda vizuri hata kwenye laini ya simu inayokohoa.

Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari vikaitoa. Mafaili hayakuharibika. Hakuna baiti iliyobadilika. Yalikosa mwimbaji tu. Bahati nzuri kuna watu walioandika kichezeshi kipya cha programu huria kiitwacho Ruffle, na Internet Archive wakaanza kukitumia mwishoni mwa 2020, kwa hiyo michoro mingi imefufuka. Lakini angalia kwa nini iliwezekana. Maelezo ya fomati yalikuwa yamechapishwa, mafaili yalikuwa yamenakiliwa mahali pengi, na waliojua kuyasoma walikuwa bado hai na wana hamu. Rapa Nui ilikosa vyote vitatu. Gichandi kina Merlo Pick na Njogu, na kina wazee wachache. Kipo katikati.

Mjukuu na nyimbo za babu

Mfano mzuri wa nini kifanyike uko jirani hapa Murang'a. Joseph Kamaru alizaliwa Kangema mwaka 1939, akaimba kwa Kikuyu kwa zaidi ya nusu karne, akauza santuri zake mwenyewe katika duka lake Nairobi. Nyimbo zake zilikuwa na mafumbo ambayo msikilizaji wa wakati ule aliyafumbua papo hapo. Ule wa mwaka 1969 kuhusu mwalimu na mwanafunzi uliwakasirisha walimu nchini. Mwaka 1975 aliimba juu ya kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki. Kamaru alifariki tarehe 3 Oktoba 2018.

Ana mjukuu mwenye jina lile lile, anayejulikana kama KMRU. Mjukuu hapigi gitaa la babu. Yeye hurekodi sauti za mazingira na kuzitengeneza kwa kompyuta, na albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilimfikisha mbali. Lakini pembeni ya kazi yake ameshika kazi ya pili: kuzitoa upya nyimbo za babu kwa njia ya dijitali, kutoka kwenye santuri na kanda. Muziki wa mjukuu na wa babu haufanani hata kidogo, na hilo halikumzuia. Alielewa kwamba kanda inaoza, na kwamba anayejua wimbo huu ulimhusu nani anazeeka haraka kuliko kanda.

Basi tufanyeje?

Kwa wachoraji wanaokaa kwenye mugithi na tableti zao, iwe Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru, haya ndiyo ninayowashauri. Hakuna linalohitaji pesa.

1. Hifadhi faili la asili, lenye tabaka zote, kabla ya kutoa JPEG. Faili la Krita, la .kra, ni zipu ya kawaida. Lifungue uone: tabaka zimo ndani pamoja na maelezo kwa XML. Mtu wa miaka 50 ijayo ataweza kulifumbua hata kama Krita haipo. Faili la .procreate nalo ni zipu, ila yaliyomo ni magumu kusoma bila programu yenyewe, kwa hiyo toa nakala ya PSD pia.

2. Washa kirekodi. Procreate hurekodi hatua za mchoro kama video bila kuombwa, na Krita ina kirekodi chake. Angalau utakuwa na mpangilio wa mistari, nusu ya kile kibuyu kilichokuwa nacho.

3. Rekodi sauti ya dakika ulizokuwa unachora, kwa ruhusa ya mwanamuziki. Simu mfukoni yatosha. Iweke folda moja na mchoro.

4. Andika faili la maandishi matupu, .txt, lenye mambo matano: mahali, tarehe, mwimbaji, wimbo, na mzaha uliochekesha watu usiku ule. Hilo la tano ndilo litakalopotea kwanza. Kicheko hakisomeki kwenye picha.

5. Weka nakala sehemu mbili, na mwonyeshe mtu mmoja mdogo kwako jinsi ya kuzifungua.

Nilipomsomea mpwa wangu orodha hii alisema, "Anko, hii ni kazi ya ofisi." Nikamwambia mwimbaji wa gichandi alijifunza kwa miaka kabla hajasimama sokoni, na yeye naomba dakika tano tu baada ya kila onyesho. Ameanza. Folda zake za sasa zina picha, sauti na karatasi ya maelezo, na amegundua kitu ambacho sikumwambia: akisikiliza sauti huku video ya mchoro ikicheza, anaona pale mpiga gitaa alipobadilisha mdundo, kwa sababu mistari yake nayo ilibadilika.

Nimebakisha ombi moja. Mimi nikiwa na wikendi mbili huru nitaandika programu ndogo ya kivinjari inayonasa mistari ya kalamu pamoja na saa yake na sauti, na kuhifadhi yote kwa InkML. Msimbo utakuwa huria. Lakini programu inaweza kungoja, na kuna kisichoweza kungoja. Kama nyumbani kwenu kuna babu au nyanya anayekumbuka hata fumbo moja la gichandi, au aliyewahi kusimama sokoni akisikiliza watu wawili wakijibizana kwa vibuyu, nenda ukamrekodi wiki hii. Mwambie aimbe, kisha mwombe aeleze kila neno. Michoro ya vibuyu tunayo tayari, makumbusho yanaitunza. Kilichobaki ni sauti, na hiyo iko kwa watu.

Tukutane kwenye sehemu ya pili ya hifadhidata.